Upepo wa Maskati

Bati la ubavuni lilipofunguka, harufu ilitoka kabla ya kitu kingine chochote. Udi. Si udi mpya, ule unaopanda juu na kukuchangamsha, bali udi uliolala, uliogandamana na vumbi na chumvi ya hewa ya mji wetu mpaka ukawa kama nta. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni katika chumba cha mama. Arubaini yake ilikuwa imeshapita, na mjomba Seif alikuwa ameniambia niangalie vitu vyake, vya kugawa nivigawe, vya kutupa nivitupe. Nguo zilinishinda. Nilipofika kwenye kanga nilizirudisha kashani na kufunga kifuniko. Nikaona bora nianze na kitu ambacho hakitaniuma. Nikavuta kutoka uvunguni lile sanduku la kijivu la kompyuta, bado limevishwa kitambaa chake cheupe, nikatafuta bisibisi.

Nilidhani chuma hakiumi.

Nyinyi mliokua miaka niliyokua mimi mnakumbuka kompyuta ya nyumbani ilivyokuwa. Ilikaa ukumbini kama mgeni wa heshima, na watoto waliambiwa wanawe mikono kabla ya kuigusa. Yetu ilikuwa juu ya meza karibu na dirisha, skrini yake nene kama televisheni ya zamani, na sanduku lake chini ya meza, sakafuni, limeegemea ukuta. Mama aliifumia nguo kwa uzi mweupe: moja ya skrini, moja ya kibodi, moja ya sanduku, zote zina pindo la vishada vidogo, kama alivyoifumia redio, na jagi la maji, na kila kitu alichokipenda. Ilikuja kutoka Maskati ndani ya boksi lililozungushiwa kamba. Baba aliituma mwaka aliokwenda kufanya kazi huko. Mjomba Seif, mdogo wake mama, ndiye aliyeifunga. Akaweka kamera ndogo juu ya skrini, akachomeka modemu, akahangaika na nyaya mchana mzima, na jioni yake sauti ya baba ikajaa ukumbi mzima mpaka ngazini.

Ijumaa ilikuwa siku yake. Alipiga jua likiwa limeshaanza kushuka, kabla ya magharibi. Huko kwake, alikuwa akisema, usiku umeshaingia. Mjomba alinieleza kwa chungwa na taa kwamba Maskati jua huwatangulia kuzama, wao husali magharibi sisi tukiwa bado na mwanga. Nilikubali, ingawa nilibaki na wasiwasi juu ya baba kukaa gizani mapema kuliko sisi.

Kila wiki mama aliianza Ijumaa yake tangu baada ya sala ya alasiri. Alioga. Alitia wanja. Alijifunga kanga mpya, akabandika kifuani kikuba cha asumini alichokitunga mwenyewe asubuhi na kukihifadhi ndani ya kitambaa chenye maji. Kisha alipuliza mkaa ndani ya chetezo, akaweka udi, akajifukiza nywele, akazifukiza kanga kwa ndani, akazunguka na moshi ule ukumbini, nyuma ya mapazia, kwenye viti. Mwisho alikiweka chetezo chini ya meza, karibu na sanduku la kompyuta, kwa sababu pale upepo wa dirishani haukupafikia na udi uliungua taratibu. Mume anarudi nyumbani, nyumba lazima inukie. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo walivyofanya wanawake wote wa jengo letu, tofauti ni kwamba waume zao walipanda ngazi kwa miguu.

Mjomba Seif alikuwa hana simile. Alimwambia, "Dada, huo moshi haufiki Maskati."

"Wewe unajuaje?" mama akamjibu, na akacheka, na mimi nikaamini kwamba unafika.

Nilikuwa na ushahidi. Nyuma ya lile sanduku palikuwa na matundu, na kwenye matundu yale ulitoka upepo wa moto. Kila mtu aliyewahi kufika Maskati alisimulia joto lake, jinsi viatu vinavyoungua barabarani, jinsi maji ya bomba yanavyotoka kama ya chai. Mimi nikaweka shavu langu kwenye matundu, nikahisi lile joto, nikaelewa. Hii ndiyo njia yenyewe. Sauti na sura hupita mbele, kwenye kioo, hewa hupita nyuma. Ule ulikuwa upepo wa mji wa baba, umetoka alipo, umeingia nyumbani kwetu, na kama hewa yao inaweza kuja huku basi na udi wetu unaweza kwenda huko. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nikichuchumaa pale nyuma na kuuacha unipige usoni, na nilidhani namjua baba kuliko mama anavyomjua.

Kisha mashine ikaanza kuumwa.

Ilianza kwa kukwaruza, mkwaruzo mdogo kama panya anayekuna mbao. Ikawa inakoroma kama mwenye mafua. Ikawa inanyamaza kabisa, na ikinyamaza sanduku linapata moto usioshikika, na likishapata moto kompyuta hujizima yenyewe. Baba alikatika katikati ya neno. Mara ya kwanza mama alikaa vilevile mbele ya kioo cheusi, mkono wake bado umeinuliwa, kama mtu aliyefungiwa mlango. Mjomba alisema ni feni. Humo ndani mna feni ndogo ya kuipoza, na hiyo feni imechoka. Aliiwasha baada ya mashine kupoa, baba akarudi, akakatika tena. Ikawa hivyo kila Ijumaa: anapiga, wanazungumza kidogo, na kabla ya adhana ya magharibi hatupo naye tena.

Mimi nilijua sababu ya kweli. Maskati ilikuwa ya moto kupita kiasi, na mashine yetu haikuzaliwa kwa joto lile.

Bibi yetu wa Jambiani, mama yake mama, aliyekuwa akilima mwani na vidole vyake vimechanika kwa chumvi, alitutumia kipepeo cha ukili cha kupepea jiko. Nikakichukua. Ijumaa iliyofuata niliingia chini ya meza, nikanyanyua ncha ya kile kitambaa cha vishada, nikaanza kumpepea baba. Na kweli ilisaidia. Mazungumzo yalirefuka kidogo, si sana, lakini mama aliona, akainama akaniambia, "Endelea, mwanangu, Mungu akupe." Tangu siku hiyo nikawa na kazi. Ijumaa zote nilikaa chini ya meza, mkono unaniwaka, moshi wa udi puani, napepea. Juu yangu walikuwa wakizungumza. Nilimsikia baba akiuliza, "Nasra yuko wapi?" na mama akajibu, "Yuko kazini," na wote wawili wakacheka, na mimi nikazidisha.

Kwa hiyo baba yangu wa miaka ile hana uso. Ana sauti. Ana upepo wa moto. Nilichokiona ni miguu ya mama iliyopakwa hina, vidole vyake vikikunjuka na kukunjana kwa kadiri alivyosikia.

Nilizoea kuyasoma mazungumzo yao kwenye vidole vile. Vilitulia walipokuwa wakiulizana hali. Vilianza kukunjana alipokuwa anakaribia swali lake. Lilikuwa swali moja tu, na nyumba nzima ilikuwa inaishi juu yake: atatuita lini. Baba alikuwa ameahidi kwamba akishatulia atatuita Maskati, mama na mimi. Kwa ahadi ile mama alimkatalia bibi mmoja mwenye skuli ya chekechea mtaa wa pili, aliyekuja mara kadhaa kumwomba akafundishe. "Nnasubiri kuitwa," mama alimwambia kila alipokuja, kwa adabu, na kumwongezea kahawa. Mimi nilikuwa na begi dogo uvunguni, ndani yake mna viatu vyangu vya sikukuu, penseli za rangi, na kikopo cha kaimati ambazo zilishaota ukungu na nikazibadilisha kwa siri. Baba alipenda kaimati. Kila Ijumaa vidole vya mama vilikunjana, nikasikia anasema, "Baba Nasra, na lile jambo letu?" na baba anasema, "Lile jambo, mama Nasra, lile jambo ni hivi..." na mashine inazima. Nilikuwa nikilia kwa hasira. Nililipiga teke lile sanduku. Ilionekana kama linajua hasa pa kukatia.

Ramadhani ilipoingia, nilikuwa nafunga siku nzima kwa mara ya kwanza, si ile funga ya kitoto ya mpaka adhuhuri. Mjomba Seif, labda kwa huruma ya mwezi, labda kwa kuchoka kuniona nikitoka chini ya meza na macho mekundu, alimleta fundi. Alikuwa kijana mrefu, kinywa kikavu kwa saumu, mwenye kupenda maneno. Alifungua bati, akatazama ndani. Kisha akamwita mjomba aje aone. Na mimi nikapenya katikati yao.

Ile feni ilikuwa haionekani kuwa feni. Mapanga yake yalikuwa yamegandwa na kitu cha rangi ya asali iliyoungua, kinata, kimeshika vumbi na nyuzi za kitambaa, kimejaa mpaka kwenye mhimili. Fundi alikikwangua kwa ukucha, akakinusa.

"Nshafungua kompyuta nyingi mji huu," akasema. "Hii ndo ya kwanza kuiona imefukizwa kama bi harusi."

Mjomba alicheka mpaka akakaa chini. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ushungi wake, na yeye akacheka, lakini nilimwona ameona haya, amevuta ushungi mpaka kwenye kidevu. Alikuwa ameua feni kwa udi wake mwenyewe, Ijumaa baada ya Ijumaa, kwa kumngojea mume. Fundi alimwambia asijali, akasafisha alichoweza kusafisha, akaitupa ile ya zamani, akafunga mpya, na akamwonyesha mama jinsi ya kufungua bati na kuchomoa kijiwaya cha feni, ili siku nyingine apanguse mwenyewe asimwite mtu. Mama alitazama kwa makini. Alikuwa na mikono inayojifunza haraka. Kisha wakaiwasha, na haikusikika kitu. Niliweka shavu langu kwenye matundu. Upepo uliotoka ulikuwa wa baridi.

Nilimwambia mama kwamba sasa Maskati kumepoa. Akanibusu kichwani.

"Tusimwambie baba yako," akasema. "Tutamshtua Ijumaa."

Ijumaa ile mama aliandaa futari mapema. Muhogo wa nazi, tambi, sambusa, uji, na kisahani cha tende, vyote kwenye mkeka, vimefunikwa kawa. Alijifukiza, lakini chetezo alikiweka mbali, barazani. Nilipokwenda kuchukua kipepeo changu alinizuia. "Leo huna kazi chini ya meza. Njoo ukae hapa." Nikakaa kando yake kwenye kiti kimoja, nusu yangu juu ya paja lake, njaa imenifanya mwepesi kama karatasi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikamwona baba.

Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Hilo ndilo nililoliona kwanza. Nyuma yake palikuwa na pazia la kijani lililovutwa, na taa ya juu inawaka, na ncha ya meza. Nikamwamkia, "Shikamoo baba," akaitika marahaba, akauliza nani huyu bibi mkubwa aliyekaa na mkewe. Nikamwambia nimefunga, kutwa nzima, wala sikunywa maji kwa kuibia. Akasema mashaallah. Akasema angekuwepo angenipa zawadi ya kila siku ninayofunga.

"Na wewe umefunga, baba?"

"Nimefunga. Lakini sie huku tushafuturu zamani, mwanangu. Nimeshiba hata naona usingizi."

Midomo yake ilikuwa imepauka. Niliiona. Ilikuwa na ule ukoko mweupe pembeni, kama midomo yangu, kama ya fundi. Nikadhani ni kamera.

Wakaulizana hali. Akauliza Bibi wa Jambiani hajambo, mjomba hajambo. Nikasikia paja la mama linakaza chini yangu, na bila kutazama nikajua kwamba vidole vimekunjana.

"Baba Nasra," akasema, "na lile jambo letu?"

"Lile jambo, mama Nasra, lile jambo ni hivi." Akangoja. Alitutazama. Alikuwa kama mtu aliyeegemea mlango anaojua utafunguka kwa nyuma, na haukufunguka. "Mnanisikia?"

"Twakusikia vizuri sana."

"Kompyuta vipi leo?"

"Imepona. Seif kaleta fundi."

"Ah," baba akasema. "Alhamdulillahi." Na akatazama pembeni, nje ya kioo, mahali ambapo sisi hatukupaona.

Akaanza kueleza. Chumba anachokaa ni cha wanaume watupu, wamebanana. Tajiri wake hajampa ruhusa. Mambo haya yanataka subira. Alikuwa akisema nusu ya jambo na kuacha, halafu analazimika kutafuta nusu ya pili, na nusu za pili hakuwa amezitayarisha, maana hajawahi kuzihitaji. Mama hakumsaidia. Alimsikiliza kama anavyosikilizwa mtoto anayesoma ubao. Mimi nilikuwa natazama dirishani, kwenye rangi ya ukuta wa nyumba ya mbele, kwa sababu mtu aliyefunga kwa mara ya kwanza anajua rangi ile inavyobadilika.

Adhana ikalia. Ilianza msikiti wa karibu na kwetu, ikaingia dirishani, na mara tu baadaye nikaisikia tena ndani ya spika za kompyuta, kwa mbali, sauti nyingine, inapanda pale pale ilipopanda ya kwetu. Nilifurahi sana. Nilidhani adhana yetu imekwenda mpaka Maskati na inarudi.

Mkono wa mtu aliyefunga kutwa haungoji kuulizwa. Baba aliunyoosha nje ya kioo, ukarudi na tende. Midomo ikatembea kwa dua. Akaila. Mkono ukaenda tena, ukarudi na gilasi, akanywa maji yote kwa pumzi moja, macho yamefumbwa, koo linapanda na kushuka, kama anavyokunywa mtu ambaye hajagusa maji tangu alfajiri. Alipofumbua macho alituona.

Na mimi, kabla mtu hajasema kitu, nikapiga kelele, "Mama, baba katungoja! Hakufuturu! Katungoja sisi!"

Maana ilikuwa wazi. Maskati magharibi ilishapita, wenzake wote wameshakula, na yeye alikaa na njaa yake gizani mpaka jua letu lizame, ili afuturu na sisi. Alisema ameshiba ili tusimwonee huruma. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda wakati ule. Nilitaka kuingia kwenye kioo.

Baba alikuwa na kokwa la tende mdomoni. Alilitoa, akalishika mkononi, akanitazama mimi, si mama.

"Naam, mwanangu," akasema. "Nimekungojeeni."

Jibu lile alilichukua kutoka mkononi mwangu. Mtoto wake alimtolea uongo ulio safi kuliko wa kwake, na akaupokea kama mtu anayepokea kikombe.

Mama alikuwa ameshika tende yake. Ilikuwa imefika karibu na mdomo na haikuendelea. Sote watatu tulifanya jambo moja: tulingoja kompyuta izime. Tulikuwa tumezoea. Ndio wakati wake ule, ndipo ilipokuwa ikitukatia. Baba aliingoja kwa macho. Mimi niliingoja kwa tumbo. Haikuzima. Feni mpya ilizunguka chini ya meza bila sauti, na baba alibaki pale juu ya kioo, angavu, mzima, gilasi tupu mkononi.

"Baba Nasra," mama akasema.

"Naam."

"Ongeza maji. Funga ya leo ilikuwa ndefu."

Akainama, akachomoa waya ukutani.

Baadaye alikula tende yake. Akavirudisha vitambaa juu ya skrini na kibodi, akavinyoosha pindo. Akasali, na sijda yake ikawa ndefu hata nikaanza kula bila yeye. Alipokuja mkekani nilimwambia tena, nikidhani labda hakuelewa vizuri. "Umeona, mama? Kakaa na njaa kwa ajili yetu."

"Nimeona," akasema. "Kula."

Siku zilizofuata zilikuwa na mambo ambayo niliyaona na kuyatafsiri vibaya yote. Mama alivuta begi langu uvunguni, akatoa vile viatu, akasema nivivae Idi hii kabla havijanibana, na mimi nikadhani Maskati kuna viatu bora zaidi. Baada ya Idi alikwenda kufundisha kule chekechea, na nikadhani ni mazoezi, kwamba hata huko atahitaji kazi. Chetezo kiliondoka ukumbini, kikawekwa juu ya kabati, na asumini zetu zilizopandwa kwenye mkebe ziliachwa zianguke zenyewe. Nikadhani anailinda feni.

Ijumaa moja alikaa mbele ya kompyuta na kanga yake ya kupikia, unga mkononi, akaiwasha kama anayewasha jiko. Akaniita.

"Inaumwa tena," akasema. "Kachukue kipepeo chako."

Nilihuzunika kwa ajili ya mashine, lakini kwa siri nilifurahi kurudishiwa kazi yangu. Nikaingia chini ya meza. Sanduku lilikuwa linapata moto kama zamani, lile joto kali la Maskati limerudi, nikaweka shavu. Baba alipiga. Sauti yake ilikuwa imerudia uchangamfu wake wote, akanitania, akaniuliza kama bado nafunga sunna, akamwambia mama kwamba lile jambo lipo, atulie tu. Mama alijibu, "Naam. Naam." Nilitazama vidole vyake. Hina ilikuwa imepauka na havikukunjana hata mara moja. Mashine ikazima. Mama akasimama kwenda kuangalia mkate wake.

Tuliendelea hivyo muda mrefu. Kisha akawa hapigi kila Ijumaa, kisha akawa anapiga sikukuu, kisha kila mtu akawa na simu mkononi na hakukuwa tena na mahali pa kumngojea. Mambo yenyewe niliyajua nikiwa mkubwa, kwa njia yanayojulikana mambo yote ya mji huu: mtu alizungumza mbele yangu akidhani nshajua. Kwamba baba alikaa Maskati mwaka wa kwanza tu. Kwamba alirudi kimya kimya, hakuvuka kuja kwetu, akabaki Dar, akaoa huko, akazaa. Adhana yetu na ya Dar hupishana kidogo sana. Kutoka kwake mpaka kwetu ni mwendo wa boti wa asubuhi moja, mtu anafika kabla chai ya chupa haijapoa. Mama alipofariki alikuja kwa boti hiyo, akalia mazikoni kwa sauti kuliko watu wote, na akawahi ya jioni.

Sikuwahi kumuuliza mama kwa nini hakumfukuza tangu usiku ule ule wa futari, kwa nini alimwacha aendelee kunidanganya Ijumaa baada ya Ijumaa, naye yuko hapo, anaitika naam. Nilimkasirikia kwa hilo. Nilikuwa na miaka mingi ya kumuuliza na nilikaa na hasira yangu tu, nikiamini kwamba aliendelea kumtaka. Feni mbovu iliwafaa wote wawili, nilikuwa nikijiambia. Iliharibika tena ilipotakiwa.

Sasa nilikuwa nimepiga magoti mbele ya bati lililofunguka, na harufu ya udi imeshanipita, na nikatazama ndani. Vumbi lilikuwa jepesi. Mapanga ya feni yalikuwa safi, meusi, yanang'aa. Nikayasukuma kwa kidole, yakazunguka bila kukwama. Kisha nikaona kile kijiwaya cha feni. Kilikuwa kimechomolewa mahali pake, kimekunjwa vizuri, na kimefungwa pembeni kwa uzi mweupe wa kufumia, fundo dogo nadhifu, lile alilokuwa akifungia vishada vyake ili visifumuke.

Nilikaa pale mpaka adhana ya alasiri. Feni ilikuwa nzima. Hakuna siku iliyoumwa tena. Alikaa kiti kile Ijumaa zote zile akimpa mwanamume yule muda wa kunisalimu tu, na akihakikisha hautoshi kwa zaidi ya hapo, ili mimi niwe na baba. Na mimi nilikuwa chini ya meza, mkono unaniwaka, nampepea.